Mluzi Ndani ya Kibanda cha Ndege

Bibi Kipaza hakuzaliwa na sauti kubwa. Sauti ile aliipata kazini. Ujana wake wote na sehemu kubwa ya utu uzima wake alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali, katikati ya mashine zilizonguruma kutwa, na humo mtu akitaka apitishiwe sabuni, au akitaka shuka za wodi ya wazazi zitangulie, ilimbidi apaze sauti mpaka mishipa ya shingo imsimame. Alipostaafu alirudisha aproni, akarudisha na viatu vya mpira, lakini sauti hakuna aliyemwomba airudishe. Akaondoka nayo.

Nyumbani sauti ile ilipata kazi nyingine. Bibi aliishi na binti yake, fundi cherehani, pamoja na mtoto wa huyo binti, msichana mwembamba mwenye hasira za kuwaka ghafla, ambaye kwa sababu hizo mbili aliitwa Njiti. Njiti alipokuwa mdogo, ameshaanza kuongea vizuri, aliugua homa ya uti wa mgongo. Alipona akarudi kuruka kamba kama wenzake, ila masikio yalibaki nyuma. Alisikia lori likipita. Alisikia mlango ukibamizwa. Alimsikia bibi yake. Watu wengine wote aliwasoma midomoni.

"Mimi na mke mwenzangu hatuna shida," Bibi alizoea kusema, maana mjukuu huyo alikuwa mke mwenza wake tangu siku aliyozaliwa, ingawa mume wao, babu yake Njiti, alikuwa keshatangulia mbele ya haki. "Nikisema anasikia. Na majirani nao wanasikia, bure, wala siwadai kitu."

Basi ndivyo nyumba ile ilivyokuwa. Chumba cha mbele cherehani ikichapa kazi, redio ya fundi juu ya kabati ikishindana na cherehani, na Bibi akishinda vyote viwili.

Kisha kikaja kifaa. Kilitoka hospitali, kidogo, rangi ya karanga iliyokaangwa, cha kukaa nyuma ya sikio, na kimpira chake kilichoingia ndani ya tundu la sikio. Njiti alikipa jina siku hiyo hiyo: Mdudu. Siku za mwanzo alitembea na Mdudu nyumba nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Alimuuliza mama yake ni nani anayebisha hodi jikoni, kumbe ni bomba linavuja. Fundi alicheka mpaka akakosea mshono.

Halafu siku moja Njiti akatoka shule amenuna. Akamvua Mdudu, akamtia katika kikopo cha vifungo cha mama yake, akafunga kifuniko.

"Simtaki."

"Kwa nini humtaki?" mama yake aliuliza.

"Wananiita Birika."

"Waache waite! Bibi yako anaitwa Kipaza tangu mimi sijazaliwa. Kafa?"

"Sijafa!" Bibi alijibu kutoka uani, na akacheka, maana alidhani ni jina la utani tu kama majina mengine ya utani. Yeye mwenyewe alilipenda la kwake. Njiti aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akafunga mdomo. Tangu hapo akiulizwa alijibu neno moja tu: simtaki.

Mambo yangeishia hapo, ila kifaa hakikuwa chao. Kilikuwa cha hospitali, na fundi wa masikio, kijana mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa amewaeleza tangu mwanzo. Kifaa kinakumbuka chenyewe kimevaliwa kiasi gani. Siku ya kurudi atakisoma. Kama kimelala tu kabatini, atalazimika kumpa mtoto mwingine, kwa sababu vifaa ni vichache na watoto wanaongoja ni wengi. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetamani asiwe na la kusema.

Siku ya kurudi ilikuwa Jumatatu. Fundi cherehani alikwisha bembeleza, akatisha, akaahidi gauni jipya, mwisho akalia juu ya kitambaa cha mteja. Njiti naye alilia. Mdudu akabaki kwenye vifungo.

Ijumaa jioni Bibi akatangaza, "Jumapili mke mwenzangu namchukua. Tunakwenda kuona ndege."

Kwenye hifadhi ya ndege, huko ambako bahari huingia na kutoka katika matope, Njiti alitamani kwenda tangu mwalimu wao abandike ukutani picha ya ndege wanaovuka dunia kila mwaka. Alikuwa amewachora pembeni mwa madaftari yake yote, hata la hesabu. Bibi hakuwa na hila yoyote kichwani. Aliwaza hivi tu: kama Jumatatu habari itakuwa mbaya, basi mtoto awe na siku moja nzuri kabla yake. Na akajiapia kwamba neno Mdudu halitatoka kinywani mwake.

Asubuhi ya Jumapili, Bibi alipokuwa anapanga mkate na mayai ya kuchemsha ndani ya mkoba, binti yake alimjia akiwa na kiboksi kidogo, Mdudu yumo ndani.

"Mama, jaribu tu. Wewe anakusikiliza."

"Sijaribu kitu. Nakwenda kutembea."

"Akae tu humo. Msimzungumzie."

Bibi akatazama pembeni. Boksi likaingia chini ya mayai.

Walishuka kwenye basi penye lango la hifadhi. Palikuwa na ofisi ndogo yenye dirisha, na ndani yake dada mmoja wa sare ya kijani ambaye alitoka nje kabisa kuwapokea, badala ya kuongea nao kupitia tundu.

"HUJAMBO MWANANGU, TUMEKUJA KUONA NDEGE!" Bibi alimwambia.

Dada wa getini alirudi nyuma hatua moja, akatabasamu. "Shikamoo Bibi. Karibuni sana. Ila ndege wako pale tu, nyuma ya hayo matete."

"Marahaba. Basi tumefika."

"Mmefika. Ndiyo maana nakuomba ushushe sauti kidogo."

"Nimeshusha," Bibi alisema, na kweli alikuwa ameshusha.

Dada aliwaeleza taratibu, na alipogundua kwamba Njiti anamtazama mdomo, alihama akasimama pale ambapo jua lilimpiga usoni yeye, ili mtoto aone vizuri. Bibi aliliona hilo akaliweka moyoni. Ndege hawa, dada alisema, wanatoka nchi za barafu. Wamekuja kula na kupumzika, na karibu wataanza safari ya kurudi. Kila wakishtuliwa wakaruka, wanaunguza mafuta waliyoyakusanya kwa ajili ya njiani. Kwa hiyo ndani ya kibanda cha kutazamia haruhusiwi mtu kuongea. Watu wanatumia mikono.

Akawafundisha. Kidole chini ya jicho: tazama. Kiganja kinachoshuka polepole: tulia, punguza. Ngumi kifuani: usitikisike. Njiti alizishika zote mara moja, kama mtu anayerudishiwa mali yake. Bibi alichanganya tulia na tazama, akajitia kidole cha jicho.

"Na maji yanajaa sasa," dada alisema. "Tope likifunikwa, ndege wanakosa pa kusimama, wanasogea mpaka mbele ya kibanda. Mmekuja saa nzuri." Alimtazama Njiti kichwa wazi, akaingia ofisini akatoka na kofia pana ya kijani. "Mvalishe hii, jua la huko kali. Mtaniachia mkitoka."

Njia ya mbao ilipita juu ya tope katikati ya mikoko. Harufu ilimkumbusha Bibi mtaro wa nyuma ya chumba cha kufulia, na kwa kuwa aliupenda ule mtaro, maana ndipo walipokunywa chai, hakuichukia. Kaa wadogo wenye mkono mmoja mkubwa walikuwa wanajificha matunduni. Njiti ndiye aliyewaona kwanza. Ndiye aliyeona kila kitu kwanza. Alitia kidole chini ya jicho, akaonyesha, na Bibi akatazama upande usio.

Kibanda kilikuwa cha mbao, chembamba, benchi moja refu ndani na upenyo wa kuchungulia mbele. Mtu mmoja alikuwa humo, mpiga picha, amekaa nyuma ya kamera yenye lenzi ndefu kama chupa ya chai. Hakugeuka. Alivuta begi lake sakafuni kwa mguu ili wapate nafasi, akainua mkono kuwasalimu.

Walikaa. Mbele yao palikuwa na tope lenye kung'aa, na nyuma ya tope maji, na katika mpaka wa tope na maji kulikuwa na kitu ambacho Bibi alidhani ni changarawe. Kisha changarawe zikatembea.

Walikuwa vitwitwi, ndege wadogo, mamia kwa mamia, wakikimbia na kuchoma tope kwa midomo kama mafundi cherehani wenye oda ya harusi. Nyuma yao chekeamwezi wa miguu mirefu. Maji yalipanda, na kila yalipopanda ndege walisogea, na kila waliposogea Njiti alikaza mikono kwenye mbao.

Halafu Bibi akaona jambo ambalo hakulitegemea. Mpiga picha alimgusa Njiti begani, akaonyesha upande wa kulia: kidole chini ya jicho. Njiti akatazama, akaona, akajibu kwa mkono wake mwenyewe, ishara ya kujitungia, mdomo uliopinda kuelekea chini na alama ya kuuliza usoni. Mpiga picha akatikisa kichwa: hapana, siye huyo. Akaeleza kwa vidole kwamba wa huyu mdomo umepinda kwenda juu. Njiti akarudia. Wakaendelea hivyo, wanapigiana soga kwa mikono kama watu waliojuana miaka. Hakuna aliyesema "nini?" Hakuna aliyerudia neno. Bibi peke yake ndiye aliyekuwa haelewi kitu.

Kumbe ndivyo Njiti anavyokaa mezani kwetu, aliwaza. Akamenya yai.

Maji yakazidi. Ndege wakafika karibu kabisa, wakajipanga kwenye kipande kilichobaki cha tope, wengine wakaanza kusinzia. Na hapo, mbele ya macho ya Bibi, karibu kiasi kwamba angeweza kumrushia kombo la mkate, akasimama ndege mmoja wa kijivu mwenye mguu mmoja tu.

Bibi alikuwa ameona wagonjwa wengi katika maisha yake. Alikuwa amefua shuka za waliokatwa miguu. Akamgeukia mjukuu wake na kumwambia kwa namna aliyozoea kumwambia kila jambo:

"MASKINI! NJITI, TAZAMA, HUYU WAMEMKATA MGUU!"

Tope lote likainuka. Ndivyo ilivyoonekana. Ndege wote waliruka kwa pamoja, wakageuka mara wakawa weupe, wakageuka tena wakawa weusi, wakapita juu ya kibanda na kwenda zao. Mbele ya upenyo pakabaki maji matupu na unyoya mmoja.

Mpiga picha aliegemeza paji la uso wake kwenye mbao.

"Mwanangu," Bibi alisema, "niue tu."

"Hapana, mama," alijibu bila kuinua uso. "Shikamoo kwanza."

"Marahaba. Umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu giza." Akainua uso, na Bibi akashangaa kuona anacheka. "Mguu anao, mama. Ameukunja tumboni. Wakipumzika husimama na mmoja, ili joto lisiwatoke."

"Kumbe mzima?"

"Mzima kuliko mimi. Mimi ndiye miguu yote miwili imekufa ganzi." Akatoa chupa yake ya chai, akammiminia Bibi kikombe. "Watarudi. Maji yamejaa, hawana kwingine pa kusimama. Watazunguka watazunguka, mwisho watashuka hapa hapa. Ila ndiyo hivyo, tukae kimya."

Njiti alikuwa amewatazama midomo, akapata nusu. Alimvuta Bibi nguo. "Bibi, walipiga kelele waliporuka? Nimeona mbao zinatetemeka."

"WALIPIGA SANA! KAMA SHUKA ZA WODI NZIMA ZIKIKUNG'UTWA KWA MPIGO! HALAFU WENGINE WANALIA KAMA..."

Mpiga picha aliinua kiganja, akakishusha polepole. Nje, kundi lililokuwa limeshaanza kushuka lilikata kona, likarudi baharini.

Bibi akaziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Na hapo ndipo alipoelewa kwamba hawezi kukaa ndani ya kibanda kile. Kunyamaza kabisa asingeweza, maana mtoto atauliza, na akiulizwa atajibu, na ya kumjibia Njiti alikuwa na sauti moja tu. Akashika mkoba wake. Akamwonyesha Njiti kwa mikono, vibaya lakini ikaeleweka: wewe baki, mimi nakwenda kukaa nje, kule njiani. Akaanza kuinuka, goti likalia.

Njiti hakumwachia mkoba.

Walivutana kidogo, kimyakimya. Kisha Njiti akatia mkono chini ya maganda ya mayai, akatoa boksi.

"Mama kaliweka," alisema.

Bibi akaitikia kwa kichwa.

"Nililiona kwenye basi, nilipochukua yai."

Bibi akayatazama maganda ya mayai. Alikuwa ameapa. Njiti alilitazama boksi, akawatazama ndege waliokuwa wanazunguka mbali, akamtazama bibi yake aliyekuwa nusu amesimama nusu ameketi. Akatoa kifaa, akakitia sikioni chini ya ile kofia ya kijani, akabonyeza.

"Kaa, Bibi. Useme kidogo tu. Useme kama watu."

Papo hapo ndani ya kibanda kikasikika kitu. Fiiiii. Chembamba, kirefu, kikapanda mwishoni. Mpiga picha akashtuka kama mtu aliyechomwa sindano, akashika kamera, akaigeuza juu, kulia, kushoto, anatafuta angani. Bibi naye akachungulia nje. Mluzi ukapigwa tena. Haukutoka nje. Bibi akageuza sikio lake taratibu, akaufuata mluzi ulikotoka, ukampeleka kwenye kofia ya kijani na sikio la mjukuu wake.

Njiti yeye hakuusikia. Sauti nyembamba kama ile haikuwa miongoni mwa zile alizorudishiwa. Lakini alikuwa anasoma nyuso zao, kama alivyosoma nyuso za darasa zima, na mkono wake ukaruka sikioni.

"Kimepiga? Kimepiga, eeh?"

Mpiga picha aliishusha kamera. Alimtazama Njiti, akakitazama kifaa, na aibu ikamjaa usoni, aibu ya mtu mzima aliyejidanganya mwenyewe. "Nimedhani sululu," alisema, akitamka kwa midomo iliyo wazi.

"Nani?"

"Sululu. Yule wa mdomo mrefu uliopinda chini. Ndiye niliyemfuata huku. Nimesema huyo, amekuja!"

Njiti alimkazia macho kwa muda. Sura ya mtu anayecheka watu aliijua vizuri, alikuwa na darasa zima la kumfundisha. Huyu hakuwa nayo. Na lenzi yake bado ilikuwa imeelekea juu, inangoja. Njiti akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mabega, mpaka ikambidi ajiume kidole asipige kelele. Akavua kofia. Mluzi ukakatika.

"Kinapiga kikiguswa," alisema. "Kofia. Mkono. Au mtu akinikumbatia."

Bibi alikaa. Alitaka kuongea, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akatafuta sauti ndogo, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ilitoka kama upepo wa tairi.

"Kumbe ndiyo Birika?"

"Bado kubwa, Bibi. Punguza."

"Kumbe ndiyo Birika?"

"Ndiyo. Wanasema birika limechemka. Wanajifanya wanatia chai."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliwaambia. Nilisema wananiita Birika. Mama akasema waache." Akaigeuza kofia mikononi. "Kwani nyumbani ninyi hamkukisikia? Kinapiga hata nyumbani. Wewe ndiye unayenikumbatia kila siku."

Bibi akawaza nyumba yao. Cherehani. Redio juu ya kabati. Na yeye mwenyewe, Kipaza, juu ya vyote. Mluzi ulipigwa humo siku zote zile, karibu kabisa na shavu lake, na hakuna aliyeusikia. Mpaka walipokuja kukaa mahali palipokatazwa kelele.

"Hatukukisikia, mama," alisema kwa ile sauti mpya. "Kwetu kuna kelele."

Njiti akaitikia kwa kichwa, kama anayekubaliana na habari ya zamani. "Hapo sawa," akasema. "Hiyo ndiyo sauti nzuri. Kaa nayo hiyo hiyo."

Mpiga picha alitia kidole chini ya jicho.

Walikuwa wanarudi. Kundi lilikuja chini juu ya maji, likapita mara moja bila kutua, likazunguka. Bibi alimwona Njiti anainua kichwa, si macho tu, kichwa kizima, upande wenye Mdudu ukitangulia. Ndege walipita mbele ya upenyo wote kwa pamoja, wakashuka. Mtoto akafumba macho, yeye asiyefumba macho kamwe, maana macho ndiyo aliyoyategemea.

"Si kama shuka, Bibi," alinong'ona, na hata yeye alikuwa hajui kunong'ona vizuri. "Ni kama Mama akichana kitambaa."

Bibi akasikiliza. Ni kweli, ilikuwa kama kitambaa, kitambaa kirefu kinachochanwa na mtu asiye na haraka.

Sululu hakuja siku hiyo. Mpiga picha alisema atarudi wiki ijayo, na kwamba angalau amesikia mmoja. Alipofunga begi lake aliwaachia chai iliyobaki, na getini Njiti alirudisha kofia kwa mikono miwili. Ndani ya basi injini ilimchosha mtoto, akakunja uso njia nzima, lakini Mdudu hakumvua. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akapunguza redio. Mama yake akasimamisha cherehani, akamtazama Bibi. Bibi akamwonyesha ngumi kifuani: usitikisike. Fundi hakuielewa ishara ile, ila hakutikisika.

Jumatatu walikwenda wote watatu. Fundi wa masikio alichomeka kifaa kwenye kompyuta yake, akasoma, akajikuna shingo.

"Saa zenyewe ni chache," alisema. "Siku nyingi hakuna kitu. Halafu jana, kimevaliwa mpaka usiku." Akageuza kiti. "Jana kulikuwa na nini?"

Fundi cherehani alifungua mdomo kuomba. Njiti akamtangulia.

"Kaka, kinapiga mluzi," alisema. "Kofia ikigusa. Mkono ukigusa. Hiki kimpira kimelegea. Kitengeneze, sitaki kupiga mluzi darasani."

Fundi wa masikio alimwangalia, kisha akamwangalia mama yake, kisha Bibi. "Kinapiga mluzi? Kwa nini hamkuniambia? Huo ni ugonjwa mdogo kabisa. Kimpira hakikumkaa, namchukulia kipimo kingine sasa hivi."

"Hatukuwa tunausikia," Bibi alisema.

"Nyote wawili? Kwani nyumbani kwenu kuna nini?"

Bibi na binti yake wakatazamana. "Kuna mimi," Bibi alisema.

Kijana aliuma mdomo asicheke. Akachanganya dawa yake laini ya rangi ya waridi, akaijaza sikioni mwa Njiti, wakangoja igande. Habari ya mtoto mwingine hakuitaja. Alitoa moja ya kalamu zake mbili, akaandika tarehe ya kuja kuchukua kimpira kipya, na huku anaandika akasema, kama hamwambii mtu yeyote, kwamba mtoto anayelalamikia kifaa chake ni mtoto anayekivaa. Asiyevaa hana la kulalamika.

Walipotoka, ukumbi wa nje ulikuwa umejaa watu wanaongoja, wamekaa kwenye mabenchi, wengine wanasinzia. Furaha ilikuwa imemjaa Bibi mpaka kooni, na akasahau.

"MKE MWENZANGU! KINABAKI! UMESIKIA? KINABAKI!"

Ukumbi mzima ulishtuka. Vichwa vikainuka, mama mmoja akamkumbatia mwanawe, mzee mmoja akaangusha fimbo.

Njiti akageuka. Aliinua kiganja chake mbele ya Bibi, akakishusha polepole.

"Kinabaki," Bibi alirudia kwa ile sauti ya kibandani.

"Nimesikia," Njiti akasema. Akamwokotea mzee fimbo yake. Watu kwenye mabenchi wakaanza kutulia tena, mmoja mmoja, kila mtu akirudi mahali pake.